Picha ya mwanamitindo inageuka sanaa wakati gani? Nina kumi na mbili mezani, moja tu ndiyo imeshika

#1 SuraMbili

Habari za leo wakuu. Kuna jambo linanikosesha usingizi, naomba tulichambue pamoja.

Wiki iliyopita nilimpiga mwanamitindo mmoja picha za sura, kazi ya saa tatu. Dirisha moja kubwa kushoto kwangu, shuka jeupe upande wa pili la kurudisha mwanga, ukuta wa kijivu nyuma. Sikuwasha taa hata moja. Nikatoka na picha mia mbili na ushee, nikachuja nikabaki na kumi na mbili, nikazichapa ndogo na kumpelekea rafiki yangu mchoraji wa rangi za mafuta, mtu asiye na maneno mengi. Kumi na moja alizipitia kama mtu anayehesabu noti. Ya kumi na mbili akaishika muda mrefu, akaipeleka karibu na mlango penye mwanga, akasema: "Hii ni sanaa. Hizo nyingine ni picha nzuri."

Hizo kumi na moja hazina kosa. Mwanga umekaa, macho makali, kidevu kimeinuka inavyotakiwa. Hii moja niliibonyeza baada ya saa mbili za kazi, nilipobadilisha betri, nikitaka tu kupima mwanga. Yeye alikuwa anasubiri. Mabega yameshuka, kidole gumba kimebana mkanda wa gauni begani, unywele mmoja umenasa mdomoni, macho yako kwenye kitu fulani chini ya meza. Sikio la mbali halimo hata kwenye fokasi.

Dai langu ni hili: picha ya mwanamitindo inakuwa sanaa pale anapoacha kazi ya uanamitindo. Akiwa kazini anajua anatazamwa. Akijisahau, ndipo mtu anatokea. Nipingeni.

(Picha zenyewe siziweki hapa, mwenye sura hajaniruhusu.)

#2 Nyuzi45

Nakupinga mkuu. Kujisahau kungekuwa kunatosha, kamera za ulinzi za getini zingekuwa na kazi nyingi za sanaa kuliko sisi wote. Watu wanajisahau mbele yake usiku na mchana, na hakuna anayezitundika zile picha sebuleni.

Angalia ulichofanya kabla betri haijaisha. Ulichagua dirisha moja badala ya mawili. Ukatundika shuka ili upande wa pili wa uso usizame gizani. Bila shaka ulimsogeza mbali na ukuta ili kivuli chake kisimgandie mgongoni. Ulitega mtego saa mbili nzima, ndege akatua ulipogeuka. Sifa zote usimpe ndege.

Na ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1882 mpiga picha Napoleon Sarony alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde kwenye studio yake New York. Kampuni moja ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 bila ruhusa, ikajitetea kwamba kamera ni mashine tu na mashine haina utunzi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1884 Sarony akashinda, kwa sababu ni yeye aliyemkalisha Wilde vile, akachagua mavazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli, akautafuta ule mwonekano wa uso mpaka ukaja. Sanaa ni mpangilio, na mahakama ilishasema.

#3 MzeeWaFilamu

Nyuzi45, kesi umeisimulia vizuri ila hitimisho umelivuta upande wako. Mahakama haikusema ile picha ni sanaa. Ilisema Sarony ni mtunzi, kwa hiyo hakimiliki ni yake. Tena majaji waliweka wazi kwamba kuhusu picha ya kawaida, ile ambayo mashine inanakili tu kilicho mbele yake, wao hawaamui lolote. Swali la SuraMbili walifika nalo mlangoni, wakaliacha hapo hapo.

Mimi nimepiga picha za vitambulisho miaka mingi, kila mtu na kitambaa cha bluu nyuma. Ni kazi halali na ninaiheshimu. Mpangilio upo, tena mkali kuliko wa Sarony: kichwa hapa, masikio yaonekane, mdomo ufungwe. Mpangilio peke yake haujajibu.

#4 MabegaChini

Naomba nami niseme, maana mnatujadili kama vyungu vya maua.

Huu ni mwaka wangu wa tisa mbele ya kamera. SuraMbili, mpiga picha akibadilisha betri sisi hatuendi popote. Ukijiachia kabisa mwili unapoa, na kuurudisha ule mstari wa shingo kunakula dakika kumi. Kwa hiyo unashusha mabega, unahamishia uzito kwenye mguu mmoja, unalegeza taya, lakini mgongo unaubakiza. Wanaoanza huwa nawaambia: pumzika ndani ya pozi, usitoke nje yake. Na hicho kidole gumba kwenye mkanda wa gauni? Hiyo ni njia ya kuupa mkono kazi ili usining'inie kama wa mtu mwingine. Nimeifanya mara mia.

Sisemi alikudanganya. Nasema hujui kama alijisahau. Unachojua ni kwamba aliacha kukupa ulichokuwa unamwomba, na hayo ni mambo mawili.

Lisa Fonssagrives alikuwa mchezaji dansi kabla ya kuwa mwanamitindo, na kuweka pozi alikuona ni kucheza dansi ukiwa umesimama. Huyo huyo alijiita kitundikio kizuri cha nguo tu. Mwaka 1950 akaolewa na mpiga picha Irving Penn, na baadaye akawa mchongaji wa sanamu. Tazameni picha alizopigwa na Penn, ile mikono, kile kiuno, halafu mniambie ni kitundikio gani kinachojua kusimama hivyo.

#5 Fremu36

Dada, "pumzika ndani ya pozi" nimeiandika kwenye daftari la kazi. Asante.

#6 KaratasiNyeupe

Nina mfano utakaomsumbua SuraMbili zaidi. Kati ya 1979 na 1984 Richard Avedon alizunguka magharibi ya Marekani akipiga picha za watu wa kawaida: wachimba migodi, wahudumu, watu wa barabarani. Watu 752, karatasi za filamu zipatazo 17,000, kamera kubwa ya inchi 8 kwa 10, karatasi nyeupe nyuma, kivulini. Basi.

Wengi wanadhani aliwavizia. Chukua ile ya mfuga nyuki ya mwaka 1981, mwanamume kifua wazi, nyuki wametambaa kichwani na kifuani. Ilipangwa tangu mwanzo. Mtu mwenyewe alitafutwa kwa tangazo, na mtaalamu wa wadudu akampaka harufu ya malkia wa nyuki ili nyuki wamfuate. Kujisahau kuko wapi hapo? Nyuki akiwa shingoni kwako unakumbuka mpaka jina la babu. Na bado uso wa yule bwana umetulia kama maji ya mtungini.

Avedon alikuwa anasimama kando ya kamera, hajifichi nyuma yake, anatazamana na mtu macho kwa macho. Kwangu sanaa iko pale: watu wawili wanavutana ndani ya picha moja, na mmoja wao haonekani.

#7 Lenzi50

Avedon huyo huyo ndiye aliyempiga mwanamitindo Dovima na wale tembo kwenye bustani ya wanyama ya Paris, 1955. Ilikuwa kazi ya jarida, kuonyesha gauni, hakuna zaidi. Leo iko kwenye makumbusho. Hakuna kilichoongezwa kwenye picha wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni kwamba lile gauni halipo tena dukani. Jicho likikosa cha kununua linaanza kuona. Muda ndio unaogeuza picha, wakuu. SuraMbili, zile kumi na moja ziweke kabatini miaka arobaini kisha mwite tena huyo mchoraji.

#8 MzeeWaFilamu

Si bustani ya wanyama. Ni Cirque d'Hiver, jengo la sarakasi, Agosti 1955. Ndiyo maana ukishusha macho kwenye miguu ya wale tembo utaona minyororo. Gauni ni la nyumba ya mitindo ya Dior, na aliyelibuni ni kijana aliyekuwa msaidizi pale, Yves Saint Laurent.

Hoja yako ya muda ina ukweli nusu. Majarida ya mwaka ule yalijaa picha za magauni, na yote yameacha kuuzwa, lakini hakuna anayezitafuta. Muda unachuja, hauumbi.

Kuna jambo jingine linalonigusa kwenye picha ile. Avedon mwenyewe alikuja kusema kwamba hajui kwa nini hakuupeperusha ule mshipi wa gauni kuelekea kushoto, ukamilishe mstari wa picha. Fikiria. Picha ya kuonyesha gauni ukishamkabidhi mhariri umemalizana nayo. Hii haikumwachia.

#9 Lenzi50

Sarakasi, sawa, nimekosea, asante mzee. Minyororo sikuwahi kuiona, nimekwenda kuitazama sasa hivi. Yeye katikati, mikono imekwenda kwa tembo huku na huku, mwili umepinda kama upinde, na chini kabisa chuma kwenye mguu. Nimeitazama picha hii miaka mingi na sikushusha macho hadi sakafuni.

#10 Mtulivu

Niko upande wa SuraMbili, na shahidi ninaye. Rineke Dijkstra wa Uholanzi alikuwa anaishi kwa picha za kuagizwa, nyuso zilizojipanga. Akapata ajali ya baiskeli, ikabidi aogelee ili apone. Mwaka 1991 akajipiga picha mwenyewe bwawani, katoka majini, amechoka kiasi cha kushindwa kuweka pozi. Kutokea hapo ndipo zilipokuja zile picha zake za vijana ufukweni, wamesimama na nguo za kuogelea, hawajui mikono waiweke wapi. Uchovu ni mlango mwingine wa kujisahau.

#11 Nyuzi45

Na flashi je? Zile picha za ufukweni kuna flashi juu ya mwanga wa mchana, kamera ya inchi 4 kwa 5 kwenye miguu mitatu, tena imeshushwa chini ili kijana asimame juu ya upeo wa bahari kama sanamu. Hesabu kazi yote iliyotangulia huo uchovu.

#12 Mtulivu

Nimehesabu. Toa uchovu, mpangilio huo wote unakupa tangazo la nguo za kuogelea.

#13 UkutaWaNakshi

Mpaka sasa hakuna aliyemtaja Seydou Keïta!

Alifungua studio ya picha Bamako, Mali, mwaka 1948. Watu walikwenda wenyewe, wakalipa, wakaondoka na picha zao. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitandani lenye mashada pembeni. Baadaye akawa anakibadilisha kila baada ya miaka michache, hadi nakshi za nyuma zikawa ndizo zinazomsaidia kukumbuka picha ni ya miaka gani. Alikuwa na suti, saa, redio na skuta ya Vespa, mteja aliyetaka kuonekana navyo anapewa. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alibonyeza mara moja tu kwa kila mtu. Mara moja, SuraMbili. Wewe umebonyeza mia mbili. Yeye alimgeuza mtu bega, akamwinua kidevu, akaona kimekaa, akabonyeza, akaita anayefuata.

Hakuna hata mmoja mle aliyejisahau. Wamevaa kwa ajili ya kutazamwa, wamekaa kwa ajili ya kutazamwa, na wanakutazama pia. Yupo mwanamke mmoja aliyejilaza, nakshi za gauni, nakshi za tandiko, nakshi za ukuta, zote zinapigana, na uso wake uko katikati ya vita hiyo umetulia tuli. Dai la #1 linamweka wapi mwanamke yule?

Halafu kuna hili. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, ikaandikwa mpiga picha hajulikani. Mwenyewe alikuwa hai, yuko zake Bamako. Mwaka 1994 akapata maonyesho yake mwenyewe Paris. Picha walizoondoka nazo wateja zilikuwa za kushika mkononi, zile za maonyesho zinajaza ukuta. Sasa niambieni, picha ile ilikuwa sanaa tangu lini? Siku alipobonyeza, siku ilipokosa jina, au siku ilipotundikwa na jina lake?

#14 Fremu36

Siku alipobonyeza. Kizuri chajiuza.

#15 Lenzi50

Kingekuwa kinajiuza kisingekaa kwenye maboksi ya negativu miaka thelathini. Kuna mtu alikibeba.

#16 UkutaWaNakshi

Wote wawili mmesema kweli, ndiyo maana linanisumbua.

#17 MitaMbili

Ukubwa msiupuuze. Thomas Ruff wa Ujerumani, miaka ya 1980, aliwapiga wenzake picha mithili ya pasipoti: uso mbele, hauna furaha wala huzuni, mwanga sawasawa kote. Alianza na picha ndogo. Kuanzia 1986 akazichapa sentimita 210 kwa 165. Nyuso ni za aina ile ile, utulivu ule ule, lakini sasa umesimama mbele ya kidevu kikubwa kuliko kichwa chako na unaona kila kitundu cha ngozi, na bado mtu hakupi chochote. Huyo hakuacha kazi wala hakuwa kazini. SuraMbili, hizo kumi na mbili ulimwonyesha mchoraji kwa saizi gani?

#18 SuraMbili

Sentimita 13 kwa 18, zote sawa. Kwa hiyo ukubwa hauelezi kwa nini alishika moja.

Nawasoma wote. #4 imenichoma kidogo, na #13 sina jibu lake bado.

#19 MzeeWaFilamu

Turudi kwenye sikio lililotoka nje ya fokasi, maana limepita bila mtu kuligusa.

Mpiga picha wa Uingereza, Julia Margaret Cameron, alipewa kamera na binti yake mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Picha wakati ule zilipigwa kwenye vioo vilivyopakwa kemikali iitwayo kolodioni na kutumiwa vikiwa bado vibichi, na mtu alitakiwa akae bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Mmoja wa wanamitindo wake wakubwa alikuwa Mary Hillier, mtumishi wa nyumbani kwake, aliyempiga mara nyingi akiwa Bikira Maria. Wakosoaji wa upigaji picha walimshukia: picha zina ukungu, zina mikwaruzo, zina alama za vidole. Mwenyewe alieleza kwamba akizungusha lenzi na kufika mahali ambapo jicho lake limeona uzuri, anaishia hapo, haendelei mpaka kwenye ule ukali ambao wenzake wote waliushikilia.

Tofauti iko hapa. Cameron aliuona ukungu akauchagua. SuraMbili alikuwa anapima mwanga. Lakini baadaye, katika mia mbili na ushee, akaiokota ile yenye sikio bovu akaiweka kwenye kumi na mbili. Nani alimlazimisha? Kuchagua ni kubonyeza mara ya pili. Nimekaa chumba cha giza sana, na ninachokikumbuka kuliko kubonyeza ni karatasi ikiwa kwenye trei: mboni na tundu za pua zinatangulia, kisha kivuli chini ya mdomo, mashavu mwisho kabisa. Kabla mashavu hayajafika ulishajua kama ndiyo yenyewe.

#20 Fremu36

Mzee, nawe unasubiri mtu ataje sigara ya Churchill? Kila mjadala wa picha za sura lazima mpiga picha Karsh amnyang'anye Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza, sigara.

#21 MzeeWaFilamu

Umeitaja wewe, mimi simo. Ila kwa kuwa imetajwa: Ottawa, Desemba 1941, na ile hasira ya usoni ni ya sigara tu, watu wakaisoma kuwa ni ya vita. Hapo kuna somo kwa SuraMbili. Kilichokuwa kichwani mwa anayepigwa na kinachoonekana usoni si lazima viwe kitu kimoja.

#22 SuraMbili

Swali la kazi: ule unywele mdomoni niufute?

#23 Fremu36

Futa. Macho yakishaunasa hayatoki.

#24 Mtulivu

Usiuguse hata kidogo! Huo ndio uthibitisho kwamba hakuna aliyekuwa anamtengeneza.

#25 KaratasiNyeupe

Dorothea Lange alikuwa na ugomvi huu huu. Kwenye ile picha ya mama mhamiaji ya 1936, kona ya chini kulia kulikuwa na kidole gumba kimeshika nguzo ya hema. Lange akakifanya kififishwe kwenye negativu kwa sababu aliona kinavuta jicho. Bosi wake serikalini hakupenda kabisa, kwake ile ilikuwa kumbukumbu na kumbukumbu haiguswi. Ukikazia macho, kivuli cha kidole bado kipo.

#26 Lenzi50

Lakini yule hakuwa mwanamitindo.

#27 KaratasiNyeupe

Kweli. Na picha haikumpa mama yule senti. Jina lake, Florence Owens Thompson, watu walikuja kulijua mwaka 1978, miaka arobaini na mbili baada ya uso wake kuenea dunia nzima.

#28 MabegaChini

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Tumetaja wapiga picha tisa, tena kwa miaka na majina kamili. Waliopigwa wangapi tumewataja? Mwanamke wa Keïta, "yule aliyejilaza". Mfuga nyuki, "yule bwana". Kila anayeeleza hapa sanaa imetoka wapi ameitoa upande wa nyuma ya kamera, isipokuwa SuraMbili, ambaye ameitoa mbele ya kamera kwa sharti kwamba mtu awe hayupo.

SuraMbili kaka yangu, umemwuliza mwenyewe?

#29 SuraMbili

Bado. Nitamwuliza leo.

#30 Nyuzi45

Uzi mzima, na swali la maana limekuja kwenye #28.

#31 SuraMbili

Nimemwuliza. Nilimtumia zote kumi na mbili bila kumwambia mchoraji alisema nini. Amechagua ya nne. Kidevu juu, macho kwenye lenzi, ile ambayo mchoraji aliipita haraka kuliko zote.

Nikauliza kwa nini hiyo. Akasema, "Kwa sababu hapo nilifanya kitu." Nikamwonyesha ya kumi na mbili. Akaitazama, akasema alikuwa anaangalia waya wa chaja chini ya meza, anawaza kama nitajikwaa. Nikasema basi ulijisahau. Akasema hapana. Alisikia kifuniko cha betri kikifungwa, akajua nitapiga moja ya kupima, na hakutaka kuinua kichwa.

Nawapa kama alivyosema. Dai langu la #1 silijui tena limesimama wapi.

#32 MabegaChini

"Hakutaka kuinua kichwa." Huo ni uamuzi, na ni wake.

#33 Mtulivu

Mimi bado sijahama. Mtu anayewaza kama mwenzake atajikwaa hana habari na sura yake. Kitu hicho kinaitwaje sijui, lakini ndicho mchoraji alichokiona.

#34 Nyuzi45

Na waya uliuacha wewe, mkuu. Mpangilio!

#35 MzeeWaFilamu

Nina swali moja. Ulipokuwa unapiga zile nyingine, ulikuwa unamwambia "safi, safi, hapo hapo"?

#36 SuraMbili

Ndiyo, kila mara. Nilifundishwa kwamba ukinyamaza mwanamitindo anaingiwa na wasiwasi.

#37 MzeeWaFilamu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ulipobadilisha betri ulinyamaza. Kwa mara ya kwanza ndani ya saa mbili hakuna aliyekuwa anamwambia yuko sawa. Mimi natia hilo nalo kwenye kapu: ukimya.

#38 MabegaChini

Mzee, ukimya wa mpiga picha nao una aina zake. Kuna wa anayefikiri na kuna wa aliyekasirika, na mwili unautambua mmoja na mwingine kabla ya masikio. Ukinyamaza kwa hasira nitakupa mabega ya mawe. Lakini huu wa kubadilisha betri naujua, ni mzuri. Mtu ameinama, ana shughuli yake, hakuhitaji kwa sekunde ishirini. Unapumua mpaka chini.

#39 UkutaWaNakshi

Sekunde ishirini za kutohitajika. Kwa Keïta hazikuwepo, mteja ndiye aliyekuwa bosi. Labda tunazungumzia sanaa mbili tofauti na tumezipa jina moja.

#40 SuraMbili

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilichapa mbili, ya nne na ya kumi na mbili, sentimita 50 kwa 60 kila moja, nikazibandika bega kwa bega ukutani ninapofanyia kazi. Unywele sikuufuta. Wiki ya kwanza nilitazama ya kumi na mbili tu, ya nne ilikuwa kama kalenda. Wiki ya pili nikaanza kupita hapo bila kusimama.

Juzi asubuhi nikasimama mbele ya ya nne. Jicho la upande wa shuka liko kwenye lenzi barabara. La upande wa dirisha limepita kidogo pembeni ya sikio langu, kama mtu anayekusikiliza huku anasoma kitu nyuma yako. Nikasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Ndani ya mboni dirisha lipo lote, na fremu yake, na kwenye ukingo wake kuna kivuli cha mtu ameinua mkono. Ni mimi, namwelekeza kidevu. Kwenye ile ndogo hakuna kitu kama hicho, ni nukta nyeupe tu.

Nimeshindwa kujua sasa naangalia kazi yake au yangu. Nimemwalika mchoraji aje Jumamosi azione zilivyo ukutani. Sitamwambia kitu.

#41 MitaMbili

Sentimita 50 kwa 60. Nilisema ukubwa!

#42 MabegaChini

Mwalike na mwenye sura.